Gift: utoaji usiotaja mtoaji

Wengi wanaoandika kuhusu neno gift hukimbilia falsafa. Kwa Kiingereza ni zawadi, kwa Kijerumani ni sumu. Basi, wanasema, Wajerumani wa kale walikwishajua kuwa zawadi ina sumu ndani yake. Hata Marcel Mauss, mwanasosholojia wa Ufaransa, aliandika makala fupi mwaka 1924 ambayo jina lake ni neno hilo mara mbili. Alizihusisha maana hizo na desturi ya kutunukiana vinywaji, ambapo mpokeaji hana hakika na kilichomo kikombeni. Wazo hilo linavutia, lakini umbo la neno lenyewe linasema jambo jingine, na kwangu mimi ndilo lenye uzito.

Tuanze na herufi ya mwisho. T ile ni kiambishi cha kale cha kuunda nomino kutokana na kitenzi. Ndicho kilichotoa drift kwenye drive. Mzizi ni kitenzi cha kutoa: geben kwa Kijerumani, geven kwa Kiholanzi, give kwa Kiingereza. Konsonanti ya mwisho ya mzizi ilipokutana na t ikawa f. Neno zima, basi, ni "utoaji", hakuna zaidi. Halitaji aliyetoa, kilichotolewa wala aliyepokea. Nafasi hizo ziliachwa wazi, na kila lugha ikazijaza kivyake.

Kijerumani kilizijaza kwa mkono wa matabibu. Kigiriki kina dosis, yaani utoaji, ambayo ndiyo asili ya dozi tunayoandikiwa hospitalini. Kilatini kiliichukua, na wasomi wa Kijerumani, kwa kuifuata, wakaipa gift maana ya kipimo cha dawa, hatimaye cha kitu kinachoua. Hii ni tafsida, kama ile tunayotumia tunapoiita sumu ya panya "dawa", au tunaposema fulani "kalishwa kitu". Poison ya Wafaransa nayo ilikuwa kinywaji tu, potio ya Kilatini.

Sarufi ndiyo iliyoshuhudia mabadiliko hayo. Gift ya zamani ya Kijerumani, ile ya zawadi, ilikuwa na jinsia ya kike: die Gift. Ya sumu, leo, si ya kike wala ya kiume: das Gift. Maana ilihama, na neno likahamia ngeli nyingine. Ile ya kwanza imesalia ndani ya Mitgift, mali anayokwenda nayo bibi harusi, nayo hadi leo ni ya kike. Waholanzi walitumia njia fupi zaidi: gift ni zawadi, gif ni sumu. T imedondoka, na utata umekwisha.

Waswidi hawakutenganisha. Gift ni sumu, na gift ni mtu aliyeoa au kuolewa. Yote mawili hutamkwa "yift". Moja ni nomino na jingine ni kivumishi, lakini sikio halitofautishi, na utani kuhusu ndoa umestawi hapo miaka mingi. Utani huo unafunika historia nzito. Sheria kuu ya Uswidi ya mwaka 1734 ilianza na sehemu ya ndoa, Giftermålsbalken, na humo mlikuwa na giftoman, mwanamume, kwa kawaida baba, mwenye mamlaka ya kumwoza binti. Aliyekuwa gift alikuwa ametolewa. Nafasi ya kitu kinachotolewa, ambayo neno liliiacha wazi, ilijazwa na mwanamke.

Kiingereza nacho kilipita humo humo. Katika Kiingereza cha kale, gift ilikuwa malipo ya kumpata mke, na wingi wake ulikuwa harusi. Wakati huo ilitamkwa kwa y, kama Waswidi wanavyofanya. G ngumu ya leo waliileta Waskandinavia waliofanya makazi Uingereza, na neno likabaki na maana pana ya zawadi.

Anayetafuta onyo ndani ya gift, basi, asihangaike na sumu ya Wajerumani, iliyotokana na tafsiri ya istilahi ya tiba. Asome ndoa ya Waswidi. Mwaka 1987 Uswidi ilitunga sheria mpya ya ndoa na kuliacha jina la Giftermålsbalken, lakini Mswidi mwenye ndoa bado hujieleza kwa neno lile lile, gift, awe mume au mke.