"Alama za Uzoefu": Jina Moja, Hesabu Mbili

Mfasiri wa kanuni za michezo ya uhusika, ichezwayo mezani kwa karatasi, dadu na masimulizi, hushawishika kuandika "alama za uzoefu" popote anapokuta kile apewacho mhusika kwa matendo yake ili akue. Istilahi hiyo ni nyepesi na yaeleweka. Hata hivyo twaiona kuwa ina kasoro, nayo si ya sauti bali ya maana.

Katika Dungeons & Dragons ya mwaka 1974 alama hulimbikizwa tu. Mpiganaji hufika daraja la pili akitimiza 2,000, kasisi 1,500, na mwenye uganga 2,500. (Hatuandiki "mchawi", huku Ufipa neno hilo ni tuhuma, si kazi.) Hapo "alama" yafaa kabisa, kwani mwanafunzi naye hupata alama wala hanunui kitu kwazo.

Lakini katika Vampire: The Masquerade ya mwaka 1991 alama hutumika kama fedha: mchezaji hununulia sifa, nazo humwishia. Isitoshe, bei ni mbili. Mhusika anapoundwa, kila ngazi ya sifa ya msingi hugharimu alama 5 za ziada, iwe ya chini au ya juu. Mchezo ukisha kuanza, bei ni ngazi aliyo nayo mara 4. Tuchukue wachezaji wawili. Wa kwanza anatumia alama 10 za mwanzo kupandisha nguvu kutoka 3 hadi 5. Baadaye anapandisha sifa nyingine mbili, kila moja kutoka 2 hadi 3, kwa 8 na 8, yaani 16. Wa pili anaanza na hizo mbili kwa 10 zile zile, kisha nguvu humgharimu 12 na 16, jumla 28. Wahusika wamelingana, ila mmoja amelipiwa 12 zaidi. Bei ya kupanda humzuia mchezaji asirundike kila kitu katika sifa moja. Bei ya mwanzo humtuza afanyaye hivyo hivyo. Mkulima wa Chanji aijuaye lumbesa hahitaji maelezo zaidi: jina ni gunia, kipimo ni kingine.

Kanuni si zetu kuzisahihisha, ingawa tungependelea bei moja tangu mwanzo. Kosa la mfasiri ni kuandika "gharama ya alama" pande zote mbili, hata msomaji akadhani kipimo ni kimoja. Twapendekeza "alama za uzoefu" zibaki kwa zile zinazolimbikizwa. Zinazotumika ziitwe "akiba ya uzoefu", na zile za kuundia mhusika "akiba ya mwanzo". Bei nazo zitofautishwe: "bei tuli" na "bei ya kupanda". Wapo watakaotaka "mtaji", neno ambalo wacheza bao wanalo tayari. Lakini katika bao mtaji ni sehemu ya mchezo ifuatayo namua, na dukani ni fedha ya kuanzia, nasi hatuoni sababu ya kulitwisha neno hilo maana ya tatu.