Brady alirudishia mlango, hakuufunga

Tarehe 1 Februari 2022, Tom Brady, kwotabeki wa futiboli ya Marekani, aliposambaza waraka wake mrefu wa kuaga, sikuuamini. Siku 40 baadaye, tarehe 13 Machi, akatangaza kwamba anarejea Tampa Bay Buccaneers. Kwetu arobaini ndiyo siku ya kuhitimisha msiba. Mashabiki waliomlilia walihisi wamechezewa, na hasira yao naielewa. Lakini dalili zilikuwepo tangu mwanzo kwa aliyetaka kuziona.

Waraka wenyewe haukuwa na neno "kustaafu". Brady aliandika habari za kuwaachia vijana uwanja. Tena alikuwa ametoka kumaliza msimu akiwa na miaka 44 na kuongoza ligi nzima ya NFL kwa yadi za pasi, 5,316, na kwa pasi za tachidauni, yaani za kufunga, 43. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua uende wapi. Anayeifanya kazi hiyo vizuri kuliko wote haondoki kirahisi.

Ila dalili nzito kuliko zote ilikuwa mkataba, uliokuwa umebakiza mwaka mmoja. Katika NFL, mchezaji akistaafu mkataba ukiwa haujaisha, klabu humwingiza kwenye orodha ya waliostaafu na mkataba unaganda pale pale. Haki zake zinabaki kwa klabu. Hawezi kuamka kesho akajiunga na timu nyingine bila ridhaa yao, ila kwao anaweza kurudi wakati wowote. Huko ni kurudishia mlango bila kutia komeo. Tazama na kalenda: alirejea Jumapili, na Jumatatu yake ndipo klabu ziliporuhusiwa kuanza mazungumzo na mawakala wa wachezaji wanaomaliza mikataba. Angechelewa hata wiki moja, timu ingejengwa bila yeye.

Kilichomwondoa kwa kweli ni msimu wa 2022, na hapa sikubaliani na wanaosema mkono ulizeeka. Ukuta wa wachezaji waliomkinga mbele yake ulibomoka. Ali Marpet alistaafu akiwa na miaka 28, Alex Cappa akahamia Cincinnati Bengals; hao ndio waliokuwa wakisimama ubavuni mwa senta, mtu wa katikati ya ukuta, kushoto na kulia. Julai senta mwenyewe, Ryan Jensen, akaumia goti mazoezini na kukosa msimu wote wa kawaida. Katikati ukuta ukiwa dhaifu, mabeki wanamfikia kwotabeki kwa njia fupi kabisa, usoni pake, na hana nafasi ya kupiga hatua mbele anaporusha.

Timu ikawa ya mwisho katika ligi kwa yadi za kukimbia na mpira. Mzigo wote ukamwangukia Brady: alirusha mara 733, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia katika msimu mmoja, lakini tachidauni zikashuka kutoka 43 hadi 25. Takwimu hizo mbili zisomwe pamoja. Ni mtu anayeutoa mpira haraka kabla hajaangushwa, pasi fupi juu ya pasi fupi, bila kusubiri mwenzake afike mbali. Buccaneers walimaliza na ushindi mara 8 na vipigo 9.

Tarehe 1 Februari 2023 alirekodi video ufukweni, isiyofika hata dakika moja, na safari hii akatamka kwamba anastaafu moja kwa moja. Mkataba nao ulikuwa unafikia ukingoni, kwa hiyo hapakuwa na klabu ya kumshikia nafasi.

Mimi nilikuwa nimeamini wiki mbili kabla. Tarehe 16 Januari, Dallas Cowboys waliwafunga Buccaneers 31 kwa 14, Brady akirusha mara 66 usiku ule mmoja. Robo ya pili, karibu kabisa na mstari wa goli, alibanwa, akauachia mpira akiwa ameegemea mguu wa nyuma. Ulielea, ukaishia mikononi mwa Jayron Kearse.