Dengu, Michembe na Nishati ya Utumbo Mpana

Tishu nyingi za mwili wa binadamu hulishwa na damu, lakini seli zinazotanda ukuta wa ndani wa utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nishati yake kutoka upande wa pili, kwenye mabaki ya chakula yanayopita juu yake, baada ya bakteria kuyachachusha na kuyageuza kuwa asidi.

Katika mlo wa Shinyanga malighafi ya kazi hiyo ni tele: dengu na choroko, ugali wa mtama au wa uwele, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa juani ili viliwe kiangazi. Vyote vina nyuzinyuzi zinazovishinda vimeng'enya vya utumbo mwembamba. Hata kiporo cha ugali, ambacho wengi hukidharau, kina mchango wake, kwa kuwa wanga uliopikwa kisha ukapoa hujipanga upya na sehemu yake ikawa wanga sugu, usiomeng'enywa hadi ufike utumbo mpana. Huko, mahali penye oksijeni haba, bakteria hutoa gesi (ambayo lawama yake yote hubebeshwa dengu) pamoja na asidi za mafuta zenye minyororo mifupi: asetati yenye atomi 2 za kaboni, propionati yenye 3 na butireti yenye 4. Asetati husafiri na damu hadi kwenye misuli na propionati huishia zaidi kwenye ini, ilhali butireti nyingi hutumiwa na ukuta wenyewe.

Jambo hilo lilipimwa na W.E.W. Roediger, ambaye matokeo yake yalichapishwa mwaka 1980 katika jarida la Gut. Alitenga seli hai kutoka kwenye vipande vya utumbo mpana vilivyoondolewa kwa upasuaji, akazipa butireti, glukosi, au vyote viwili kwa pamoja, kisha akapima oksijeni ziliyoitumia. Zaidi ya asilimia 70 ya oksijeni hiyo ilitumika kuunguza butireti, hata pale glukosi ilipokuwapo, na hapo ndipo penye uzito wa jaribio, kwani seli zilizopewa nafasi ya kuchagua ziliipendelea butireti kuliko sukari. Seli zilizotengwa, hata hivyo, si utumbo ulio hai, na pengo hilo lilipunguzwa mwaka 2011, Donohoe na wenzake walipoonyesha kwamba seli za utumbo mpana za panya waliolelewa bila bakteria hupungukiwa nishati hadi kuanza kujila zenyewe, na kwamba butireti huziondolea hali hiyo.

Ndani ya seli, butireti huingia kwenye mitokondria, ikakatwa vipande viwili vya kaboni 2 na kuunguzwa kwa oksijeni nyingi, kiasi kwamba oksijeni kidogo tu huvuja kuelekea kwenye mabaki, na bakteria wasioivumilia huendelea kustawi na kuchachusha.

Lakini mzunguko huo hutegemea mlo: katika machimbo ya Geita, ugali wa sembe, unga uliokobolewa na kuondolewa pumba ambazo dona hubaki nazo, ukiliwa wa moto kwa nyama au dagaa huwaachia bakteria hao kidogo sana. Anayeuliza kama butireti haiwezi kumezwa moja kwa moja ajue kwamba isipokingwa hufyonzwa mapema, kabla ya kuufikia utumbo mpana, hivyo kwa mchimbaji sahani ya maharage ina uhakika zaidi.