Mstari Uko Wapi?

Kuna semina za wachungaji ambazo zikiisha, kinachobaki ni picha ya pamoja na cheti. Na kuna nyingine ambazo Jumapili inayofuata waumini hugeukiana kwenye mabenchi, kwa sababu mchungaji wao amehubiri sura waliyoisikia tangu utotoni na leo ndiyo kwanza wameielewa. Tofauti ya semina hizo mbili haitokani na bajeti wala shahada za mgeni aliyetoka ng'ambo. Inatokana na ufundi, na ufundi huo unastahili kusifiwa hatua kwa hatua, kwa sababu aliye nao huonekana kama hafanyi lolote.

Tuanze na wanafunzi wenyewe. Katika makanisa mengi ya Tanzania, anayesimama madhabahuni kijijini hakupita chuo cha theolojia. Ni mwinjilisti au mchungaji anayelima, anayezika, anayesuluhisha ndoa na kutembelea wagonjwa, na usiku ndipo anapofungua Biblia kwa mwanga wa tochi ya simu. Maktaba yake ni Biblia ya Union, kitabu cha nyimbo na daftari. Lakini Biblia hiyo ameishi nayo, na mistari mingi anaitaja bila kufungua. Mwalimu stadi hulijua hilo kabla hajapanda ndege. Anajua haendi kwa watu wasiojua Maandiko. Anakwenda kwa watu wanaoyajua kwa vipande, mstari huku na mstari kule, na kazi yake ni kuwasaidia waviunganishe wenyewe.

Mwalimu niliyemtazama mkoani Dodoma alikuwa mzee kutoka Marekani, mchungaji wa siku nyingi kwao. Waandaaji walizoea kumpa mgeni mada lukuki kwa siku chache: uongozi, ndoa, uwakili, maombi, vita vya kiroho. Yeye aliomba kitabu kimoja tu, Injili ya Marko, na akaomba wachungaji waisome yote kabla ya kuja. Marko ina sura 16, na mtu anaweza kuimaliza kwa kikao kimoja. Ombi hilo lilionekana dogo, ila ndilo lililobeba semina nzima, maana siku ya kwanza watu waliingia ukumbini wakiwa tayari na la kusema.

Jioni ya kuamkia somo la kwanza aliketi na mkalimani wake, mwalimu wa sekondari, wakapitia kila sentensi. Mifano ya theluji na ya michezo ya kwao ikafutwa. Sentensi ndefu zikakatwa. Kila mstari aliopanga kuutaja ukasomwa kwanza katika Biblia ya Kiswahili, asije akajenga hoja juu ya neno ambalo wasikilizaji hawalioni mbele yao. Anayefundisha kwa mkalimani ana nusu tu ya muda wake, na huyu alikuwa amejipangia hiyo nusu. Tena alijua kwamba safari ya maneno yake haiishii hapo, kwa kuwa wengi wa wachungaji wale wangekwenda kuhubiri kwa Kigogo. Msemo mtamu wa Kiingereza haufiki salama katika lugha ya tatu. Kinachofika ni mtiririko wa habari na swali linaloeleweka, basi nguvu zake akaziweka hapo.

Siku ya pili, baada ya chai, aliwapeleka Marko 8, mstari wa 22 hadi wa 26: kipofu wa Bethsaida. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni na kumwekea mikono, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Anaona, lakini si sawasawa: watu wako kama miti inayotembea. Yesu anamwekea mikono tena, ndipo anaona vizuri. Mwalimu akauliza: kwa nini mara mbili? Kisha akavuta kiti akaketi.

Majibu yakaanza. Mchungaji mmoja akasema imani ya yule kipofu ilikuwa haba. Mwingine akasema Yesu alitaka kutufundisha tusikate tamaa katika maombi. Mama mmoja mwinjilisti akasema labda kijiji kile kilikuwa na upinzani wa kiroho. Mgeni alikuwa na jibu kwenye daftari lake, muda ulikuwa unakwenda, na ukumbi mzima ulimtazama yeye aliyetoka mbali. Hakulitoa. Kila jibu alilipokea kwa heshima, akaliandika ubaoni, halafu akauliza jambo moja tu: mstari uko wapi?

Wachungaji wakainamia Biblia zao. Imani haba hawakuiona, kwa sababu habari ile haisemi lolote juu ya imani ya kipofu. Upinzani wa kijiji nao hawakuuona. Mwalimu akawaomba warudi nyuma mistari michache. Kijana mmoja akasoma kwa sauti: wanafunzi wako chomboni, wamesahau kuchukua mikate, wanahojiana wao kwa wao, na Yesu anawauliza kama wana macho na hawaoni, kama bado hawajafahamu. Kijana akasita, akarudia kusoma. "Kumbe hawa nao ni vipofu," akasema.

Mwalimu hakusema ndiyo wala siyo. Akaomba mwingine asome yanayofuata. Wako njiani kwenda Kaisaria-Filipi, na Petro anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo. Mara Yesu anaanza kueleza kuwa imempasa kuteswa na kuuawa, na Petro huyohuyo anamkemea. Mzee mmoja wa benchi la mbele, kichwa chote mvi, akajipiga goti kwa kiganja. "Petro anaona watu kama miti!"

Kuanzia hapo walikwenda wenyewe hadi sura ya 10. Waliona kwamba Yesu anatabiri kifo chake mara tatu, katika sura ya 8, ya 9 na ya 10, na kila mara wanafunzi wanajikwaa: Petro anakemea, kisha wanabishana nani mkubwa, kisha Yakobo na Yohana wanaomba viti vya kuume na kushoto. Na mwisho wa safari, penye njia ya kutoka Yeriko, ameketi kipofu mwingine, Bartimayo. Yule mama mwinjilisti ndiye aliyegundua kwamba swali ambalo Yesu anamuuliza Bartimayo, anataka afanyiwe nini, ndilo alilowauliza wana wa Zebedayo muda mfupi kabla. Wao waliomba ukubwa, kipofu aliomba kuona. Aliposema hivyo ukumbi mzima uliitikia "Amina", na mgeni alikuwa amesimama pembeni, chaki mkononi, tangu majibu yale ya kwanza hajaandika tena hata neno moja.

Yote hayo angeweza kuyasema mwenyewe kwa dakika kumi. Wangeyaandika, wangeshukuru, na Jumapili wangehubiri mahubiri yake. Alitumia asubuhi nzima, nao wakatoka na njia ya kufanyia kazi: soma yaliyotangulia, soma yanayofuata, tafuta kinachojirudia, uliza mwandishi ameiweka habari hii hapa kwa nini. Njia hiyo itawafaa katika Ruthu, katika Yona na katika Wafilipi, mgeni akiwa amekwisha kurudi kwao.

Ufundi huu una asili ndefu. Katika Nehemia 8, siku ya kwanza Ezra anasoma torati akiwa juu ya mimbari ya mti, na Walawi wanawafahamisha watu waliosimama mahali pao. Siku ya pili, mstari wa 13, wakuu wa jamaa, makuhani na Walawi wenyewe wanamkusanyikia Ezra ili wayachunguze maneno ya torati. Waliofundisha jana leo wamekuwa wanafunzi. Karne nyingi baadaye Charles Simeon, aliyelitumikia kanisa la Holy Trinity mjini Cambridge kuanzia 1782 hadi alipofariki 1836, aliwakaribisha vijana nyumbani kwake akawafundisha kutunga mahubiri yanayotoka katika andiko lenyewe. Mwaka 1963, nchini Guatemala, Wapresbiteri walikiri kwamba chuo chao cha mjini hakikuwafikia viongozi halisi wa makanisa ya vijijini, watu wenye familia na mashamba. Akina Ralph Winter, James Emery na Ross Kinsler wakabeba kazi ya kukipeleka chuo kwa wanafunzi: vitabu vya kujisomea nyumbani, na kukutana na mwalimu mara kwa mara. Utaratibu huo ulienea duniani, na huku kwetu tunaujua kama Theolojia kwa Enezi. Na huduma ya Langham, iliyoanzishwa na John Stott wa London, tangu 2002 ina mpango wa kuwanoa wahubiri ambao hautosheki na semina moja: wahubiri wa eneo huunda vikundi na kuendelea kukutana. Wote hao wanakubaliana kwamba mchungaji hujifunza kwa kufanya, akiwa na wenzake, kwa muda mrefu.

Ndiyo maana kila alasiri pale Dodoma ilikuwa ya wachungaji wenyewe. Kila mmoja alipewa fungu la Marko alihubiri kwa dakika chache mbele ya wenzake. Hapo heshima hupimwa, maana mzee mwenye wajukuu akiambiwa mbele ya vijana kwamba amepotoka, hiyo ni aibu asiyoisahau. Mwalimu aliweka utaratibu. Kwanza wenzake waseme wameona nini katika andiko kwa sababu ya mahubiri hayo, halafu waulize, wasihukumu. "Baba Mchungaji, pale uliposema malaika walikuwepo, tuonyeshe mstari." Mzee akafungua, akapitisha kidole ukurasa mzima, akainua kichwa. "Hapo nimeongeza," akasema, na wenzake wakampigia makofi ya dhati.

Siku ya mwisho mgeni alikuwa anafunga somo la Bartimayo, na katika kueleza akasema alikuwa kipofu tangu kuzaliwa. Kijana wa nyuma akanyoosha mkono. "Samahani mzee wetu, mstari uko wapi?" Mkalimani akasita kidogo, kisha akatafsiri. Mwalimu akafungua, akasoma kimya. "Haupo," akasema. "Asante sana." Sijaona mwalimu aliyefurahi vile kwa kusahihishwa. Alikuwa amekuja kutafuta watu wanaoweza kumuuliza swali hilo, na alikuwa amewapata.

Nina ombi kwa makanisa yanayoalika walimu kutoka nje. Mwombeni mgeni kitabu kimoja badala ya mada kumi. Mpeni mkalimani mapema, na jioni nzima ya kukaa naye. Tengeni nusu ya muda kwa ajili ya wachungaji kuhubiriana. Mwalikeni tena mtu yuleyule mwaka unaofuata, na katikati ya ziara hizo wachungaji wa tarafa moja wapange siku moja ya mwezi ya kuandaa mahubiri pamoja, bila kumsubiri mtu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji amepona pale anapoweza kuifungua sura asiyofundishwa na mtu, akaielewa, akawalisha watu wake.

Na wewe unayeketi benchini Jumapili, mchungaji wako akirudi kutoka semina, usimuulize mgeni alisema nini. Muulize wamesoma kitabu gani, kisha ukifungue ukisome pamoja naye.