Fahali wa Picasso na Mafahali wa Mapangoni

Katika mashtaka yote yaliyoletwa juu ya uchoraji wa karne ya ishirini, jepesi kutamkwa kuliko yote ni hili: "Hata mtoto angeweza kuchora hivi." Msomaji, pengine umelisikia likisemwa mbele ya picha fulani, pengine umelisema mwenyewe. Si shtaka la kudharauliwa. Mtu ajuaye tofauti ya mkono uliozoea kazi na mkono usiozoea ana haki ya kuuliza kama anadanganywa. Lakini haki ya kuuliza ina wajibu wake, nao ni kutazama. Basi tuchukue kazi moja tu, tuisimamishe kizimbani, na tuusikilize ushahidi wake mpaka mwisho kabla ya kutoa hukumu.

Kazi yenyewe ni Fahali wa Pablo Picasso, mchoraji aliyezaliwa Málaga, katika Hispania, mwaka 1881, akafariki Ufaransa mwaka 1973. Si picha moja, ni mfululizo wa chapa 11 za mnyama mmoja, zilizotolewa katika kiwanda cha chapa cha Fernand Mourlot mjini Paris. Ya kwanza ni ya tarehe 5 Desemba 1945, na ya mwisho ni ya tarehe 17 Januari 1946. Katika kazi ya namna hii mchoraji huchora kwa wino wenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Kisha jiwe hulowanishwa. Maji na mafuta havipatani; kwa hiyo wino wa chapa, ambao nao una mafuta, hushika penye mchoro tu. Baada ya kupiga chapa, mchoraji aweza kukwangua mistari hii na kuongeza ile, akapiga tena. Jiwe husahau hatua iliyopita, lakini karatasi huikumbuka. Ndiyo sababu twaweza kuifuata fikira ya Picasso hatua kwa hatua, kama mwalimu wa hesabu afuatavyo njia ya mwanafunzi, asiridhike na jibu peke yake.

Kabla ya kuifuata, yatupasa kurudi nyuma sana, kwa kuwa Picasso hakuwa mtu wa kwanza kuchora fahali katika nchi hizo mbili. Mwaka 1879, katika pango la Altamira, kaskazini ya Hispania, Marcelino Sanz de Sautuola na binti yake María waliona dari iliyojaa picha za nyati wa kale wa Ulaya. Sautuola alitangaza kwamba picha zile ni za watu wa zama za mawe. Wataalamu wengi walikataa. Walisema kazi nzuri namna ile haiwezi kuwa ya watu duni. Sautuola alikufa mwaka 1888 kabla ya kusadikiwa. Ilipofika mwaka 1902 ndipo Émile Cartailhac, mmoja wa wakubwa waliomkataa, alipokiri kwa maandishi kwamba alikosea.

Angalia jinsi mashtaka haya mawili yalivyo ndugu. Picha za Altamira zilikataliwa kwa kuwa ni nzuri mno kwa watu wa kale. Picha za Picasso hukataliwa kwa kuwa ni chache mno kwa mtu mzima. Yote mawili yametoka katika dhana moja, kwamba sanaa ni ngazi: chini wako watoto na watu wa kale, juu wako wajuzi, na kila mstari unaoongezwa ni kidato kingine cha kupandia.

Sasa tazama mafahali wa pango la Lascaux, katika Ufaransa, lililogunduliwa na vijana tarehe 12 Septemba 1940, miaka mitano kabla ya Picasso kuligusa jiwe la Mourlot. Picha zake zina umri wa miaka ipatayo 17,000, na fahali mmoja ana urefu wa zaidi ya meta tano. Mwili umechorwa kwa ubavu, lakini pembe zimegeuzwa zimwelekee mtazamaji, ili zote mbili zionekane kwa umbo lake. Mtu asimamaye mahali pamoja hawezi kumwona mnyama hivyo. Mchoraji hakukosea, alichora jambo alilolijua juu ya fahali pamoja na lile alilolitazama. Tena, mifupa iliyopatikana humo yaonyesha kwamba watu wale walikula sana kulungu wa nchi za baridi, na kulungu huyo karibu hayumo katika picha zao. Hawakuwa wakiandika orodha ya chakula. Walichagua.

Picasso na mwenziwe Georges Braque, tangu mwaka 1907 na miaka iliyofuata, waliifanya njia kama hiyo kuwa kanuni. Uchoraji wao uliitwa kubizimu, jina litokanalo na umbo la mchemraba. Kitu huvunjwa katika mapande, na pande zake ambazo jicho haliwezi kuziona kwa pamoja huwekwa pamoja juu ya karatasi moja. Hatuna haja ya kusema kwamba Picasso alinakili pango. Yatosha kuona kwamba yeye na mchoraji wa Lascaux walijiuliza swali moja: katika mnyama huyu, ni lipi lisiloweza kuachwa?

Haya, tufuate jibu lake. Katika chapa ya kwanza yuko fahali ambaye mchungaji yeyote angemtambua, mwenye mwili mnene na vivuli laini. Katika ya pili ameongezeka weusi na uzito. Katika ya tatu mistari inapita juu ya misuli na maungo, kama kisu cha mchinjaji ajuaye viungo vilipo. Zinazofuata ndizo za kubizimu hasa, kwa kuwa mwili umegawanyika katika mapande yenye kona. Kisha kupunguza kunaanza. Vivuli vinaondoka, mapande yanaungana, kichwa kinazidi kuwa kidogo, mpaka katika chapa ya 11 imebaki mistari michache tu ya mwili, miguu na mkia, na pembe mbili juu ya kichwa kidogo mno.

Je, hata mtoto angeweza? Mtoto huanza na mistari michache kwa kuwa hiyo ndiyo aliyo nayo. Picasso aliishia katika michache baada ya kuwa na mingi, na ile iliyobaki imerithi mzigo wa iliyofutwa. Jaribu mwenyewe: funika mstari mmoja kwa kidole, mgongo kwa mfano, uone kama fahali atasimama. Shtaka limeanguka.

Walakini mhakiki asiyeona ila ni msifu tu, na kazi hii ina ila yake. Wako wasemao kwamba chapa ya mwisho ndiyo kilele, kwamba humo imo asili yote ya fahali. Mimi sikubali. Fahali yule wa mwisho ni mwembamba kama waya, hamtishi mtu. Akili imemshinda, na ushindi huo umemnyang'anya uzito wake. Kwa hukumu yangu chapa ya tatu ndiyo iliyo kuu, kwa kuwa ndani yake ujuzi na hofu vingali pamoja. Wachoraji wa Lascaux nao waliacha mengi, lakini walijua pa kukomea. Fahali wao yu mkubwa kuliko amtazamaye, na walimchora kwa taa za mafuta ya wanyama, wakimjua kuwa aweza kuua. Pango lile lilifungwa kwa umma mwaka 1963, maana pumzi za watu zilikuwa zikiziharibu picha. Basi wengi wetu tutaziona vitabuni, ambamo fahali wa meta tano na fahali asiyefika nusu meta huwekwa katika kurasa zilizo sawa. Usidanganyike na usawa huo.

Siku utakapokutana na picha ya mistari michache, usiulize kwanza kama ni rahisi. Uliza ni nini kilichoondolewa, na kama kilichobaki chaweza kuuchukua mzigo. Uliza vivyo hivyo juu ya insha yako. Afutaye sentensi aliyoijua vizuri huiachia nyingine nguvu zake. Lakini asiyekuwa na la kufuta hajapunguza kitu, na ufupi wake ni uchache tu.