Jina la Udugu

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilitoka mwaka 1994, lakini mimi nimeisoma uzeeni, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Wengi wanaoizungumza mbele yangu huisifu kuwa ni kitabu cha misafara, cha Wajerumani na cha pwani ya kale. Hayo yamo. Mimi lakini nilinasa kwenye kurasa za mwanzo, na hata leo sijabanduka.

Yusuf ana miaka 12. Nyumbani kwao hufika tajiri Aziz, ambaye mtoto amezoea kumwita kwa jina la udugu, na ambaye akiondoka humwachia sarafu. Siku moja baba anamwambia kuwa atasafiri na mgeni huyo. Mtoto anafurahia gari moshi! Ni kule pwani, dukani, ndipo Khalil, aliyewekwa rehani kabla yake, anapomfumbua macho: yule si ndugu yako, baba yako anadaiwa.

Hapo hapana kamba wala mjeledi, na ndiyo maana namwona mwandishi kuwa fundi. Kinachomchukua mtoto ni adabu. Mdogo hamhoji mkubwa, mdaiwa hamkatalii mdai, na lile neno la udugu linamfunga kila mtu kinywa. Sheria yetu ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inautaja udanganyifu. Sawa. Lakini hakimu atauthibitishaje, ikiwa aliyedanganya na aliyedanganywa wote wanaliita jambo hilo msaada?

Kasoro ninayoiona ni Amina, aliyelelewa na babake Khalil kama binti yake. Naye alikwenda kwa deni lilelile, hata akaolewa na tajiri, ila tunamjua kwa kuchelewa, tena kwa macho ya mvulana anayemtamani. Ningependa kumsikia yeye zaidi, kwani huku kwetu wanaotolewa vijijini kwa ajili ya kazi za nyumbani wengi ni wasichana.

Nayasema haya nikijijua. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, tuliletewa binti kutoka kijijini. Aliyemleta alikuwa akiniita shemeji, ingawa udugu wetu sikuweza kuueleza. Tuliahidi kwamba atasoma. Alituita baba na mama, akaosha vyombo vyetu miaka minne, na ujira wake tukampa huyo shemeji. Mimi, niliyekuwa nikiwafundisha walimu saikolojia ya mtoto, sikumwandikisha hata darasa moja.

Nilipofika pale Khalil anapomkataza Yusuf kumwita Aziz kwa jina la udugu, nilifunga kitabu nikamwuliza mke wangu, yule binti alikuwa nani kwa jina la baba yake. Hakulijua.