Kalamu na Mkate: Mhakiki Apime Nini?

Muhula mmoja hapa Kiriaini, wazazi wengi wakiwa bado wanasubiri bonasi ya majani chai ili wakamilishe karo, mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu aliniuliza: "Mwalimu, mtu akiandika riwaya ili apate pesa, hiyo bado ni fasihi?" Wenzake waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Ana daftari lililojaa hadithi zake, na nyumbani ameambiwa kwamba hadithi hazilipi karo.

Wahakiki wengi hulijibu swali hili kwa pupa. Wametuzoesha kuzigawa riwaya mafungu mawili: riwaya dhati, inayoandikwa kwa ajili ya sanaa, na riwaya pendwa, inayoandikwa kwa ajili ya tumbo. Kisha humgawa mwandishi vivyo hivyo: alianza akiwa msanii, akaishia kuwa mchuuzi.

Hebu tumtazame Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, chini ya mlima huu wetu. Ingawa aliandika kwa Kiingereza, kisa chake kinatufaa. Riwaya yake Kill Me Quick (1973) ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka wa 1974. Inasimulia masaibu ya vijana wawili, Meja na Maina, wanaokwenda mjini na vyeti vyao vya shule, wakakosa kazi, wakaishia katika uhalifu na jela. Mwandishi mwenyewe hakutegemea kalamu pekee. Aliajiriwa na televisheni ya Ufaransa, kisha British Council, na baadaye akafanya kazi katika utengenezaji wa filamu.

Mwaka wa 1979 alichapisha The Bushtrackers, riwaya ya kusisimua kuhusu majangili wa pembe za ndovu, iliyotokana na mswada wa filamu. Wapo waliosema kuwa amefuata soko. Lakini mwaka huo huo wa 1979 ilitoka The Cockroach Dance, ambapo Dusman Gonzaga, msomaji wa mita, anahangaika katika jengo chakavu la Nairobi. Riwaya hii huhesabiwa miongoni mwa kazi zake nzito. Je, mtu mmoja alikuwa msanii na mchuuzi katika mwaka mmoja? Ukweli ni kwamba haja ya mkate haitoshi kutueleza ubora wa kazi. Usawiri wa wahusika, ploti na lugha ndivyo vinavyotueleza.

Tugeukie sasa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia mwaka wa 2013. Mwalimu Majisifu anasifiwa kama mwandishi mashuhuri, kumbe mswada uliompa sifa aliuiba. Walibora hamwaibishi kwa sababu alitaka riziki. Anamwaibisha kwa sababu alikula jasho la mwenzake. Mpaka wa maadili unapita hapo: kati ya anayelipwa kwa kazi yake na anayevuna asikopanda.

Kwa hivyo, mtahiniwa, usiandike katika insha yako kwamba "mwandishi alitaka pesa tu" ukadhani umehakiki. Ukiona riwaya ni dhaifu, onyesha udhaifu huo ndani ya matini. Mhusika amebaki bapa wapi? Sadfa imezidi wapi?

Nasi walimu tujihoji. Tunamtaka mwandishi awe mtakatifu asiyejali pesa, kisha tunatoa fotokopi ya kitabu chake kizima na kuwagawia wanafunzi. Tofauti yetu na Majisifu iko wapi?

Yule mwanafunzi nilimjibu hivi: andika vizuri kadiri uwezavyo, kisha udai malipo yako bila haya. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Daftari lake la pili sasa liko mezani pangu, nami ninalisoma kwa kalamu nyekundu, bila huruma, kama kazi ya mwandishi yeyote.